Matembezi ya Gari Kuukuu: Je, ni Israfu?



Ndugu msomaji, maneno haya niliyasema kwa mdomo mbele ya vijana wenzangu hapa Voi, baina ya Laasiri na Magharibi, saa ambayo tumbo la mfungaji linaongea kuliko mhadhiri. Niliombwa niyaandike kwa ajili ya jarida, nami nimeyaacha karibu vile vile. Ukikuta mahali nimesema kama niko barazani, niwie radhi, ndivyo yalivyotoka.

Mada niliyopewa ilikuwa kijana na wakati wake. Kila mtu alitarajia niseme juu ya simu na mpira wa Uingereza. Hayo yamesemwa sana, na wanaojua kuliko mimi. Mimi nilichagua kusema juu ya gari. Tena si gari la kujionyesha, manake likipita watoto hucheka. Ni pikapu ya babu yangu mzaa mama, Land Rover ile ndefu, Series IIA, ya miaka ya 60. Rangi yake ni kijani. Yaani ni kijani pale ambapo vumbi jekundu la Tsavo halijafika, na hapo ni mahali padogo sana.

Kilichonifanya nilichague ni swali. Mwezi wa Shaaban mzee mmoja tunayemheshimu alituona tukirudi, mimi na babu, na nyuma ya gari hamna hata gunia moja. Akauliza tumetoka wapi. Tukamwambia Wundanyi. "Kufanya nini?" Babu akajibu, "Kutembea." Yule mzee akatikisa kichwa, kisha akaniambia mimi, kwa kuwa babu ni mkubwa kwake: "Kijana, kuchoma petroli bila shughuli ni israfu. Utaulizwa."

Swali hilo si la kupuuza. Israfu imekatazwa, na sisi tuliopita madrasa tumelijua hilo kabla ya kujua kuandika majina yetu. Basi na tufanye hesabu. Kutoka Voi hadi Wundanyi ni kama kilomita 40. Gari hili linakunywa. Kwa lita moja linakwenda kilomita sita hivi, likikasirika tano. Kwenda na kurudi ni lita 14 au zaidi, na kwa mwanafunzi hizo si pesa kidogo. Mimi nachangia kwa vijisenti ninavyopata kwa kufundisha hesabu watoto wa jirani, babu anajaza zilizobaki, na tunakwenda mara moja kwa mwezi. Hatukopi, na nyumbani hakuna anayelala njaa kwa ajili ya safari hiyo. Nimeyaweka wazi ili upime mwenyewe.

Halafu kuna hili: gari la zamani lisipotembezwa linakufa. Betri inaisha nguvu hata kama hakuna kilichowashwa. Petroli iliyolala kwenye kabureta inaacha utando kama gundi. Mipira ya kuzuia oili inakauka na kupasuka, na tairi zikikaliwa na uzito mahali pamoja zinapoteza umbo. Waulize mafundi wa jua kali, watakwambia gari lililolala miaka miwili chini ya mwembe lina kazi kuliko lile lililopiga shughuli miaka hiyo miwili. Kwa hivyo hata kwa hesabu ya duka, kulitembeza ni kulitunza.

Lakini wallahi nikiishia hapo nitakuwa nimelikwepa swali. Hatuendi Wundanyi kwa ajili ya betri. Tunakwenda kwa sababu tunafurahi. Na ninataka kuitetea furaha yenyewe, bila kuivika kanzu ya faida.

Fungua Surat An-Nahl, uanzie aya ya 5. Hapo Allah (S.W.T.) anataja wanyama wa mfugo na neema zilizomo ndani yao, joto na manufaa na chakula. Kisha katika aya ya 6 anataja uzuri wao, pale wanaporudishwa jioni na pale wanapopelekwa malishoni asubuhi. Kubeba mizigo kunakuja baadaye, katika aya ya 7. Na katika aya ya 8 wanatajwa farasi, nyumbu na punda, kwamba ni wa kupandwa na pia ni pambo. Hebu tazama mpangilio huo, ndugu yangu. Uzuri umetajwa mbele ya mzigo. Mimi si mwanachuoni na sitoi fat'wa, tafsiri ina wenyewe. Lakini nikisoma hapo naona kwamba mtu kukitazama chombo chake cha kupanda, akakipenda na akashukuru, si jambo geni katika dini yetu.

Haya, panda tuende.

Kwanza kufungua boneti, na hapo unahitaji mkono wa pili, manake tairi ya spea imekaa juu yake. Unaangalia oili, unaangalia maji, unaangalia oili ya breki. Babu tayari ameketi upande wa abiria, lakini hasomi dua ya safari mpaka nimwambie nimemaliza kukagua. Anasema yule bwana aliyeuliza juu ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Kisha unavuta choki, unawasha. Ikiwa betri imelegea ipo hendeli ya chuma, inaingia kwa mbele chini ya bampa, unazungusha injini kwa mkono. Ukiifanya hiyo kazi mtaani, vijana wa bodaboda wote husimama kutazama.

Tukitoka tunaiacha barabara ya Mombasa na matrela yake, tunashika ya Mwatate. Mlima Sagalla unabaki nyuma yetu. Hapa barabara ni tambarare, na gari likifika kilomita 60 kwa saa linapiga kelele kiasi kwamba mazungumzo hayawezekani tena, labda kwa ishara. Chini ya kioo cha mbele kuna vifuniko viwili vya bati. Ukivifungua upepo unaingia moja kwa moja kifuani, na pamoja nao harufu ya kila unakopita: majani makavu, moshi wa mkaa, mbuzi, na mvua ikiwa ilinyesha jana. Kwenye gari la kisasa lenye vioo vya kufunga, Voi na Mwatate zina harufu moja, ile ya manukato ya kwenye dashibodi.

Kila mtu anatupita. Probox zinatupita, bodaboda yenye watu watatu inatupita. Mwanzoni iliniuma, nakiri ujana. Babu akanikumbusha kisa cha al-Adhbaa, ngamia wa Mtume (S.A.W.), ambaye alikuwa hashindwi mbio, mpaka siku moja akaja bedui na ngamia wake kijana akampita. Masahaba wakaona uzito. Mtume (S.A.W.) akawaeleza kwamba hakuna kinachopanda katika dunia hii ila Allah hukishusha. Babu alimaliza kisa hicho kisha akacheka peke yake. "Hili nalo liliwahi kupita watu," akasema. Na ni kweli. Wakati wake ndilo lililokuwa likishusha mboga za milimani mpaka Voi, na wenye magari madogo wakikwama matopeni ndilo lililowavuta.

Mwatate tunapita mashamba ya mkonge. Ukienda taratibu unaona mistari ya mkonge ikizunguka kama spoku za baiskeli, unafunguka mmoja na kufungika mwingine. Ukienda mbio huoni, unaona kijani tu. Hapo njia inagawanyika. Barabara ya Taveta inaendelea mbele kupitia Bura na Maktau, sehemu hiyo ilitiwa lami katika miaka ya 2010, na babu anakumbuka ilipokuwa vumbi la kumeza. Magari yameijua njia hiyo zamani. Mwaka 1915, katika vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau, na magari ya deraya ya Rolls-Royce yakaletwa upande huo, kisha Februari 1916 yakatokea mapigano ya kilima cha Salaita. Lakini sisi hatwendi huko leo. Sisi tunakata kulia, tunaanza kupanda.

Na hapa ndipo raha yenyewe ilipo. Gari hili gia ya kwanza na ya pili haziingii kwa kulazimishwa. Ukitaka kushuka kutoka ya tatu kwenda ya pili huku unapanda, unakanyaga klachi, unaitoa gia iwe huru, unaachia klachi, unakanyaga mafuta kidogo ili injini ikimbie kulingana na magurudumu, unakanyaga klachi tena, ndipo unaiingiza. Yote hayo kona inakuja na mteremko uko pembeni mwa mlango. Ukipatia, gia inaingia kimya kama kisu kwenye siagi. Ukikosea, Wundanyi nzima inasikia.

Babu haoni vizuri sasa. Jicho la kulia linatambua mwanga tu, la kushoto linaona ukungu. Hajashika usukani miaka kadhaa, na leseni aliiweka kabatini mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Lakini tukianza kupanda hufumba macho yote mawili, akaweka kiganja juu ya dashibodi, na kabla injini haijalemewa husema neno moja tu: "Sasa." Nashusha gia. "Sasa." Nashusha tena. Anajua kona zote kwa sauti na kwa jinsi mwili unavyoegemea. Tukivuka kona fulani hutaja nani alikuwa akiuza miwa hapo, na nani alipindua gari mwaka gani. Mimi naona barabara yeye anaona watu. Sijawahi kumsikia babu akizungumza kiasi hicho nyumbani. Nyumbani huulizwa tu kama amekula na kama amemeza dawa.

Juu kuna baridi, ukungu, na watu wamevaa sweta, kilomita chache tu kutoka joto letu la Voi. Tunaswali Laasiri, tunakaa kidogo, tunageuka. Kushuka ni kwa gia ya pili tangu juu mpaka chini, mguu nje ya breki, manake breki za zamani zikipata moto zinakusaliti. Na nikuombe jambo, ndugu msomaji, hasa mwezi huu. Wengi wetu tunaendesha vibaya nusu saa kabla ya Magharibi, kiu imetushika, tunakimbilia tende na uji. Futari haiharibiki kwa kuchelewa dakika kumi. Weka tende mbili na maji ndani ya gari, adhana ikikukuta njiani ufungue hapo hapo ukiwa umesimama pembeni. Sisi tumefungulia pale Mwatate mara mbili, na wauza chai wakatuongezea mahamri bila kutudai.

Sasa nije kwenye lililonifanya nitetemeke sauti siku ile ya mhadhara. Wajomba zangu wanataka pale uani pajengwe vyumba vya kupangisha, na siwalaumu, Voi inakua na nyumba zatafutwa. Gari limekaa mahali pa vyumba viwili. Akaletwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Akaligonga bodi kwa kidole, uso ukamchangamka. Manake Land Rover zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hivyo bodi zikafanywa kwa aloi ya alumini, na kwa mizani ya chakavu alumini ina bei kuliko chuma. Kilichoifanya bodi isiliwe na kutu miaka yote hii ndicho kinachoitia tamaa ya shoka. Babu alikuwa amekaa kizingitini, hakusema kitu. Aliuliza tu, "Ataliendesha mpaka wapi?" Akaambiwa halitaendeshwa, litakatwa hapa hapa.

Wajomba watakaa baada ya Idd. Mimi ni mdogo, sina kura, lakini nimepewa ruhusa ya kusema. Nitawaambia hivi: ikiwa ni lazima liondoke, liuzwe kwa mtu atakayeliwasha, hata kwa bei ya chini. Wapo watu wanayatafuta magari haya. Na nimepima uani kwa kamba: likisogezwa likabanwa ukutani kwa upande wa choo, nafasi ya chumba kimoja inapatikana kamili, na cha pili kinakuwa chembamba lakini kinaingia kitanda na meza. Michoro ninayo.

Na yule mzee aliyesema tutaulizwa, nilikwenda kumtembelea usiku wa tano wa Ramadhan baada ya tarawehe, nikamweleza yote haya, hesabu za petroli pamoja na ile kamba. Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakusema nimepatia wala nimekosea. Akaniuliza kama njia ya Wundanyi bado ina ile kona ya mwembe mkubwa, na kama gari lile bado lina viti vitatu mbele.

Nikamwambia lina viti vitatu. Nyuma hatupakii mtu, sheria hairuhusu na mimi siwezi kulibeba jukumu hilo. Mbele, mimi kwenye usukani, babu dirishani, yeye katikati. Miguu itabanwa kidogo na zile fimbo za gia, kwa hivyo nimemwomba avae suruali, kanzu aiweke kwenye mfuko mpaka tufike.