Wakisema "rafiki" wana maana gani?

Akina mama na akina baba wa vikundi, leo tuache habari za mbuzi wa maziwa na mikopo. Tuzungumze juu ya watoto wetu wa miaka 13 hadi 17, na neno moja tu: rafiki.

Tuliwakalisha vijana chini ya mwembe tukawauliza rafiki ni nani. Wasichana walisema ni yule unayemwambia siri na haitoki. Wavulana wakasema ni yule mnayecheza naye mpira, na siku ya ugomvi hakuachi peke yako. Tukauliza tena: je, msichana na mvulana wanaweza kuwa marafiki? Wote wakacheka! Mvulana mmoja akasema, "Nikimnunulia chipsi mara tatu, si lazima na yeye anifikirie?" Msichana akamjibu, "Kumbe! Mimi nilidhani una roho nzuri tu."

Mmeona? Huyu anahesabu deni, yule anashukuru zawadi. Na mwenye boda boda anayempa binti lifti kila asubuhi, au anayemnunulia sodo, yeye pia anahesabu. (Sodo tusione haya kuitaja. Tangu 2017 sheria yataka wasichana wa shule za serikali wapewe bure. Mwulizeni mwalimu mkuu.)

Sasa mzazi akimwona bintiye ameandamana na mvulana kutoka shule, mara nyingi anashika fimbo kabla ya kuuliza. Mtoto anajifunza kwamba urafiki na mvulana ni wa kufichwa. Basi hata akisumbuliwa hasemi, maana anajua swali la kwanza litakuwa, "Ulikuwa naye wapi?"

Na wavulana je? Nani huwaambia kitu? Kwa Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na hata akisema amekubali, kukubali kwake si kitu. Kijana wa shule anaweza kujikuta kortini kwa jambo ambalo yeye aliliita urafiki.

Tunaomba hivi: mkutano ujao, kabla ya kukusanya mchango, kila kikundi kiwaite vijana wake, wavulana na wasichana pamoja, waongee nusu saa. Wazazi wakae nyuma wasikilize, bila kukohoa-kohoa. Soda mtanunua wenyewe.