Kazi ya Mpiga Picha Kivukoni Kigongo

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi ya kupiga picha za watu, na juu ya deni alilo nalo mpiga picha kwa yule anayeketi mbele yake. Sasa tunafundisha katika chuo cha ualimu. Lakini mwaka 2004, kabla ya kuingia chuoni, tulijipatia riziki kwa kamera huko Kigongo, katika nchi ya Usukuma, kando ya Ziwa Victoria.

Wakati ule Kigongo palikuwa mahali pa kungoja. Barabara itokayo Mwanza ilikomea majini, na mtu aendaye Sengerema au Geita hakuwa na budi kungoja kivuko kimvushe mpaka Busisi. Kungoja huko ndiko kulikotuletea wateja. Tulitundika pazia la buluu ukutani, tukaweka kiti kimoja mbele yake, basi hiyo ndiyo iliyokuwa studio yetu.

Siku moja mzee mfugaji alituita nyumbani kwake tumpige picha. Alivaa koti, akashika fimbo, akasimama kando ya maksai wake. Sisi tulimwangalia mzee tu, tukapiga. Tulipompelekea picha aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Kijana, pembe zake ziko wapi?" Kweli, tulikuwa tumezikata. Tukajitetea ya kwamba uso wake mwenyewe umetoka vizuri. Akajibu, "Uso wangu wanaujua. Huyu ndiye aliyelima shamba lililowasomesha wanangu." Tuliona haya, tukarudia picha bila malipo. Tangu siku ile hatukugusa kamera kabla ya kumwuliza mtu, "Wataka nini kionekane?"

Lakini jambo tulilolikusudia hasa leo ni jingine, nalo si jepesi kulisimulia.

Kamera yetu ilitumia mkanda wa picha 36. Mkanda ukisafishwa kabla ya kujaa, nafasi zilizosalia hupotea, na mkanda ni fedha. Kwa hiyo tulikuwa na desturi ya kungoja mpaka picha zote ziishe, ndipo tuupeleke Mwanza mjini kusafishwa.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja na mtoto wa miaka mitatu hivi, aliyekuwa mgonjwa. Walikuwa wakivuka kwenda hospitali. Mama alimpakata mtoto kitini, tukawapiga picha moja. Akalipa, akasema, "Mwanangu, nitaichukua nikirudi." Ilikuwa picha ya kumi na moja katika mkanda ule. Siku zikapita, wateja wakawa wachache, nasi tukangoja.

Baada ya majuma mawili kivuko kilitia nanga, na yule mama akashuka peke yake. Hakulia. Alisema tu, "Nimekuja kuchukua picha." Nasi hatukuwa nayo. Ilikuwa ndani ya kamera tuliyoishika mikononi, karibu yake kabisa, wala hatukuweza kumpa. Tulimwambia, "Mama, tusamehe. Kosa ni letu." Tukapanda gari saa ile ile kwenda mjini, mkanda ukiwa nusu, naye akakaa kutungoja penye kile kiti.

Tuliporudi jua lilikuwa likizama. Mikono ya mama ilionekana wazi, na kanga yake hata maua yake yalihesabika. Lakini uso wa mtoto ulikuwa na ukungu, maana alikuwa amegeuka. Tulimpa kwa hofu. Akaishika kwa mikono miwili, akasema, "Ndiye. Hakuwa akitulia huyu." Akaifunga katika pindo la kanga, akaenda zake.

Wasikilizaji wetu, hatukungoja mkanda ujae tena. Tulifahamu ya kuwa hasara ya nafasi chache yaweza kulipwa, bali ile siku iliyopita hailipiki.

Huko Unguja, Ranchhod Oza alifungua duka la picha liitwalo Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza kazi hiyo. Kwa sababu picha zilitunzwa, watu wa leo wameweza kuziona nyuso na mavazi ya Unguja ya zamani. Kutunza ni nusu ya kazi.

Nako Kigongo kumebadilika. Mwezi wa Juni mwaka 2025 lilifunguliwa Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, na wasafiri wavuka mpaka Busisi bila kungoja kivuko. Picha nazo hazingoji mkanda. Mtu hujipiga kwa simu na kujiona papo hapo. Lakini simu ikianguka majini, au ikiibwa, nyuso zote huenda nayo. Kwa hiyo twawashauri: chagueni picha moja ya kila mpendwa wenu, mkaichapishe kwenye karatasi. Nyuma yake andikeni kwa penseli, polepole, jina, mahali na mwaka. Iwekeni mahali pakavu, mbali na jua na moshi wa jikoni.

Wala msiseme mtafanya kesho. Sisi tulisema hivyo kwa majuma mawili.

Kwa herini, wasikilizaji wetu.