Somo la 14: Mlango wa Dharura

Natumaini mmekwisha kaa vizuri na madaftari yako tayari. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: dharura, zahanati, mfawidhi. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha tuendelee.

Leo tutazungumza juu ya chumba kimoja cha hospitali, nacho ni chumba cha dharura. Tutazungumza pia juu ya mwuguzi mfawidhi, yaani mwuguzi anayeongoza wenzake katika chumba hicho.

Dharura ni jambo la ghafula lisiloweza kungoja. Mtu aliyegongwa na gari hawezi kungoja. Mama mjamzito anayetokwa na damu hawezi kungoja. Mtoto mwenye degedege hawezi kungoja. Kwa ajili ya watu kama hao, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua idara kamili ya dharura mwaka 2010, na hospitali nyingine zimefuata.

Penye mlango wa chumba hicho hukaa mwuguzi. Yeye haulizi, "Nani amefika kwanza?" Huuliza, "Nani yuko katika hatari zaidi?" Hospitali nyingi hutumia rangi tatu. Nyekundu ni mgonjwa wa kutibiwa sasa hivi. Njano ni mgonjwa wa kutibiwa upesi. Kijani ni mgonjwa anayeweza kungoja. Basi, ukiona mtu aliyekuja nyuma yako anaingizwa mbele yako, usikasirike. Kesho pengine utakuwa wewe.

Lakini chumba hiki kina vitanda vya kuhesabika, na wauguzi wa kuhesabika. Kikijaa watu ambao wangeweza kutibiwa mahali pengine, mwuguzi hukawia kumfikia yule asiyeweza kungoja. Hapo ndipo maisha hupotea.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme siku ya Jumatatu wamefika wagonjwa 60. Kati yao 15 wana mafua na kikohozi chepesi. Wengine 9 wana ugonjwa wa presha, nao waliacha kumeza dawa. Wengine 6 ni watoto waliodhoofika kwa kuhara, kwa sababu hawakunyweshwa maji ya kutosha nyumbani. Jumlisheni: 15 na 9 na 6 ni ngapi? Ni 30, yaani nusu ya wote. Wa kwanza wangalitibiwa zahanati. Wengine wangaliweza kuzuiliwa wasifike katika hali hiyo.

Je, watu hawa ni wajinga au wavivu? La, hasha! Mmoja alikwenda zahanati akakuta imefungwa. Mwingine alikuta dawa zimekwisha. Mwingine alisemwa maneno makali, akaona haya kurudi. Mwingine hakuelewa alivyoelezwa. Mwuguzi mfawidhi mwenye busara hawalaumu wagonjwa. Hutafuta sababu. Tutazame kazi zake nne.

Kazi ya kwanza ni kusoma daftari. Kila mwisho wa mwezi hukaa na wenzake, wakahesabu: nani wamerudi mara mbili au tatu? Wametoka kijiji gani? Wana ugonjwa gani? Wamekuja saa ngapi? Ikiwa wengi hutoka upande mmoja tena usiku, basi tatizo liko huko, wala si kwa mgonjwa mmoja. Hapo hulipeleka jambo hilo kwa mganga mkuu wa wilaya pamoja na hesabu yake. Maneno matupu husahauliwa, lakini hesabu ina nguvu.

Kazi ya pili ni kumwaga mgonjwa vizuri. Mwuguzi mfawidhi huwafundisha wenzake wasiseme tu, "Umeelewa?" Kila mtu hujibu, "Ndiyo," hata asiyeelewa. Afadhali aseme, "Bibi, hebu nieleze wewe utakavyoimeza dawa hii ukifika nyumbani." Akikosea, huelezwa tena kwa upole.

Hapa mnaojifunza kusoma mna faida kubwa. Juu ya bahasha ya dawa huandikwa namba, kwa mfano 2 x 3. Hii si hesabu ya kuzidisha ili mtu ameze vidonge 6 kwa mara moja! Maana yake ni vidonge 2, mara 3 kwa siku. Na 1 x 2 ni kidonge 1, mara 2 kwa siku. Mwalimu, andika mifano hiyo ubaoni.

Kazi ya tatu ni kuwafuata wenye maradhi ya kudumu, kama presha, kisukari na pumu. Presha ikifika 140 juu ya 90 au zaidi, tena ikapimwa siku nyingine ikawa hivyo hivyo, huitwa presha ya juu. Mara nyingi mgonjwa hasikii maumivu yo yote, kwa hiyo husema, "Nimepona," akaacha dawa. Siku moja huanguka kwa kiharusi. Mfawidhi huweka daftari la tarehe za kurudi. Asiyefika hutafutwa kwa simu, au kwa mhudumu wa afya anayekaa kijijini naye.

Kazi ya nne ni kushirikiana na zahanati. Mwuguzi wa hospitali na mwuguzi wa zahanati ni kama mafiga ya jiko moja. Mfawidhi huwapelekea habari: wagonjwa gani wangeweza kutibiwa kwao, na dawa gani zilikosekana. Pia huwakumbusha wote kwamba neno la upole ni sehemu ya matibabu. Mtu aliyetukanwa zahanati atakuja hospitali akiwa mahututi.

Na sisi wananchi tuna kazi yetu. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 katika Tanzania walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio na kusoma katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Baada ya kusikiliza hawakwenda kulala. Walichimba vyoo na kusafisha mazingira. Nasi tufanye hivyo.

Mtoto akianza kuhara, usingoje. Nunua au omba pakiti ya chumvichumvi iliyoandikwa ORS. Soma juu ya pakiti uone ni ya maji kiasi gani. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Mpe kidogo kidogo, tena mara kwa mara, na uendelee kumnyonyesha au kumlisha. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Zahanati watakupa pia vidonge vya zinki. Mpe kwa siku zote ulizoambiwa, hata kuhara kukikoma.

Lakini sikilizeni sana jambo hili, ili somo letu lisigeuke kuwa sumu. Hatusemi watu wakae nyumbani. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, au aliyelegea na haamki, apelekwe mara moja. Hali kadhalika mtoto ambaye kifua chake huingia ndani akivuta pumzi. Mama mjamzito anayetokwa na damu, au mwenye kichwa kinachouma sana na macho yenye kiwi, apelekwe mara moja, mchana au usiku. Mtu mzima ambaye uso umepinda ghafula, au mkono umelegea, au maneno hayatoki vizuri, naye apelekwe bila kukawia. Hao ndio wenye mlango ule. Sisi wengine tukitumia zahanati mapema, tunawafungulia njia.

Sasa zimeni redio, mjadiliane maswali haya:

1. Mwuguzi wa mlangoni huchaguaje mgonjwa wa kutibiwa kwanza?
2. Bahasha imeandikwa 1 x 3. Mgonjwa atameza vidonge vingapi kwa siku 5?
3. Kwa nini mwenye presha asiache dawa ajisikiapo vizuri?
4. Zahanati ya hapa kwenu hufunguliwa saa ngapi, na hufungwa saa ngapi? Ikiwa saa hizo hazifai, nani katika darasa hili atapeleka jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji?

Swali la nne lisiishie darasani. Chagueni mtu, mwandike jina lake daftarini, na wiki ijayo awaeleze alivyojibiwa. Kwa herini, mpaka somo lijalo.