Habari ya Kumtafuta Mwalimu wa Hesabu za Pembetatu
Maneno ya Kamati ya Elimu yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika mkutano mkuu uliotangulia huu mlitupa ruhusa ya kutumia sehemu ya fedha za Chama kumwajiri mwalimu wa kuwasaidia watoto wetu wa sekondari katika hesabu, na hasa katika lile fungu liitwalo trigonometria. Leo twasimama mbele yenu kutoa habari ya kazi hiyo. Hatuna budi kuanza na lile linalotutia haya: mwalimu wa kwanza tulimchagua vibaya, na fedha za muhula mzima zilikwenda bila faida. Kiasi chake mtakiona katika ukurasa wa Mweka Hazina, wala hatukumwomba akifiche.

Mzee wetu mmoja alituuliza siku ile, trigonometria ni mnyama gani hata alipwe mwalimu wa peke yake? Swali lilikuwa la haki, nasi tulilijibu kwa haraka. Tulijibu sasa vizuri zaidi. Wazee mliokuwa maseremala mwaijua elimu hii ingawa hamkuiita kwa jina hilo. Fundi akiambiwa paa lipande futi moja kwa kila futi mbili za kwenda mbele, yeye hahitaji kuuliza nyumba ina ukubwa gani. Iwe banda la kuku au iwe ukumbi wa mikutano, mwinuko ni ule ule, kama nyuzi 26 na nusu. Kile kipimo cha moja kwa mbili ndicho vitabu vya shule vinachokiita tanjenti ya pembe hiyo. Saini na kosaini ni ndugu zake (na saini hii si ile itiwayo chini ya hundi), ila zenyewe hulinganisha pande nyingine za pembetatu. Ndugu zetu Waislamu nao wajue ya kwamba wataalamu wa zamani waliitafuta kibla cha miji ya mbali kwa elimu hii hii, na Al-Biruni, katika karne ya 11, aliutumia urefu wa mlima mmoja na pembe moja akakadiria ukubwa wa dunia yote. Basi si mnyama wa kigeni.

Kwa nini watoto wetu wanashindwa? Katika mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, trigonometria huingia Kidato cha Pili, ikarudi Kidato cha Tatu ikiwa ngumu zaidi, ikarudi tena Kidato cha Nne. Asiyeshika mwanzo wake huwa amepotezwa njia mara tatu. Waliofanya KCPE ya mwaka 2023 ndio wa mwisho wa mtaala huo, na wadogo zao wako katika mtaala wa umilisi. Lakini pembetatu haikubadilika kwa kubadilika mtaala, na shida waliyokuwa nayo wakubwa twaiona inawangojea wadogo.

Sasa habari ya yule mwalimu wa kwanza. Alikuja amevaa vizuri, akasema kwa ufasaha, akatuahidi ya kwamba kila mtoto atapata alama ya A. Tulifurahi tukamwajiri siku ile ile. Hatukumwuliza swali hata moja la hesabu. Akawafundisha watoto wimbo wa herufi wa kukumbuka upande upi ugawanywe kwa upi, akawapa karatasi za mitihani ya zamani, wakaimba na kujaza. Mwisho wa muhula mjumbe mmoja wa Kamati alichora pembetatu ile ile iliyokuwa katika daftari zao, lakini akaigeuza, ile pembe mraba ikawa juu. Watoto sita kati ya saba hawakujua tena upande wa mkabala ni upi. Walikuwa wameukariri upande wa kulia wa karatasi. Hatumlaumu mwalimu huyo peke yake, maana alitoa kile tulichokinunua, nasi tulinunua ahadi.

Tulipoanza kutafuta mara ya pili tulifanya mambo kwa utaratibu mwingine. Kwanza tulitaka kila anayekuja aonyeshe nambari yake ya usajili wa TSC, kwa kuwa sheria ya mwaka 2012 yataka anayefundisha awe amesajiliwa. Halafu tukawaita watatu, mmoja mmoja, tukawauliza swali moja tu: mtoto akikuuliza kwa nini saini ya nyuzi 30 ni nusu kamili, utamjibu nini?

Wa kwanza alisema imeandikwa katika kitabu cha majedwali. Wa pili alisema mtoto abonyeze kikokotoo ataona. Wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache, ambaye miaka yote hii alikuwa akikaa mtaa wa pili kutoka kwa Katibu wetu, wala hatukuwa na habari naye. Huyu hakujibu. Aliomba karatasi na mkasi. Akakata pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa, akatuuliza kila pembe ina nyuzi ngapi, tukasema 60. Akaikunja katikati, kutoka kileleni mpaka chini. Akauliza tena: pembe ya juu sasa ni ngapi? Tukasema 30. Na upande wa chini umebaki kiasi gani cha ule mrefu ulio ubavuni? Bwana Mwenyekiti, wajumbe wawili wa Kamati hii waliondoka shule zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na wote wawili walisema kwa pamoja, "Nusu!" Akatwambia, "Basi hiyo ndiyo saini ya nyuzi 30. Nanyi mmeisema wenyewe." Hatukuhitaji kushauriana sana.

Lakini msidhani ya kwamba mambo yalikwenda laini tangu hapo. Jumamosi mbili za kwanza mwalimu huyu hakulitaja neno trigonometria hata mara moja. Aliwarudisha watoto katika sehemu na uwiano, kazi za shule ya msingi, kisha katika mfanano wa maumbo. Wazazi walinung'unika. Baba mmoja alikuja kwa Katibu usiku akisema analipa ada ili mwanawe wa Kidato cha Tatu afundishwe kugawanya machungwa. Sisi wenyewe tuliingiwa na wasiwasi, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuumwa na nyoka mara moja. Mwalimu alipoulizwa alionyesha daftari. Kati ya watoto saba, watano hawakuweza kusema kama sita kwa nane na tisa kwa kumi na mbili ni uwiano mmoja. Akatuuliza, mtoto asiyejua hilo, utamwambia tanjenti ni kitu gani?

Jumamosi ya tatu akawatoa nje. Katika uwanja wa nyumba tunayokutania kuna mnazi mmoja mrefu. Akasimamisha fimbo ya mita moja, wakapima kivuli chake, kikawa sentimita 80. Wakapima kivuli cha mnazi, kikawa mita 9.6. Akawaambia waseme urefu wa mnazi bila kuupanda. Kimya kikawa kirefu. Halafu binti mmoja, ambaye shuleni alikuwa ameambiwa aachane na hesabu, akasema ya kwamba fimbo inakizidi kivuli chake mara moja na robo, basi na mnazi ni hivyo hivyo, yaani mita 12. Mwalimu akamwambia moja na robo hiyo ndiyo tanjenti ya pembe ya jua saa hiyo, akawafungulia majedwali wakaona ni nyuzi 51 na kitu. Mgema aliyekuwa akipita aliombwa apande na kamba. Kipimo chake kilipungua kidogo, maana mnazi wenyewe umeinama, na hilo nalo likawa somo la Jumamosi iliyofuata.

Lipo jambo jingine dogo ambalo twalitaja kwa kuwa lawagharimu watoto wengi alama bila wao kujua. Vikokotoo vinavyoruhusiwa katika mtihani huweza kupima pembe kwa namna zaidi ya moja, kama kwa nyuzi au kwa radiani. Kijana mmoja wa kwetu alikuwa na kikokotoo kilichoachwa katika radiani na aliyekitumia kabla yake. Alipotafuta saini ya 30 hakupata nusu, alipata tarakimu zenye alama ya kutoa mbele yake, kama 0.988, na kwa tarakimu hizo akaandika katika mtihani wa shule ya kwamba urefu wa ukuta ni chini ya sifuri. Hakushtuka. Hilo ndilo lililomhuzunisha mwalimu, kuliko kosa lenyewe. Tangu siku hiyo kila mtoto, kabla ya kuanza kazi, huuliza kikokotoo chake saini ya nyuzi 30. Kikijibu nusu, huendelea. Nusu hiyo wanaijua kwa karatasi na mkasi, kwa hiyo mashine haiwezi kuwadanganya.

Yako mambo mawili ambayo baadhi yenu mmetuuliza njiani, nasi twayajibu hapa. Wengine mmetaka masomo yafanywe kila siku wakati wa likizo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mwanafunzi kutiwa katika masomo ya ziada ya likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Chama hiki hakitaki kucheza na sheria. Masomo yetu ni ya Jumamosi asubuhi, saa mbili, shule zikiwa zimefunguliwa. Likizo watoto wapumzike na kusaidia nyumbani. Pili, masomo hufanyika mahali palipo wazi, na mzazi mmoja huwapo kwa zamu tangu mwanzo hata mwisho. Wala hatumshuku mwalimu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliweka sharti hilo kabla ya kukubali kazi.

Sasa twaja kwenye neno zito. Wazee wetu wamesema, tena kwa haki, ya kwamba Chama hiki kiliundwa kwa ajili ya wagonjwa na misiba. Na kwamba shilingi inayokwenda kwa mwalimu ni shilingi isiyokuwapo siku ya sanduku na usafiri wa kwenda bara. Hatuwezi kusema maneno hayo si kweli. Mwaka huu tulikuwa na misiba, na katika mmoja wao fedha hazikutosha, jamaa wakachangishana usiku. Wajumbe wa Kamati hii walikuwako kilioni, na walisikia yaliyosemwa juu ya mwalimu wa kwanza. Kwa sababu hiyo hatuombi tena chochote kutoka katika mfuko wa misiba. Twaomba mkutano huu ukubali mfuko wa elimu usimame peke yake, kwa mchango wa kila mwezi wa wale wenye watoto darasani, na wa yeyote mwingine apendaye, hata kama hana mtoto huko. Mwalimu amekubali kulipwa kwa kila Jumamosi aliyofundisha wala si kwa muhula, ili fedha zikiisha asiwe anatudai, nasi tusiwe tumelipia kazi isiyofanywa.

Mtatuuliza watoto wamepata alama gani. Watatu wamepanda katika mitihani ya shule, wawili wako pale pale, na mmoja ameshuka, ingawa mwalimu asema huyo sasa anaandika njia yake yote wakati zamani alikuwa akiiga majibu ya jirani. Wa saba hayupo tena. Alikuwa kijana mwepesi wa kufahamu kuliko wote, lakini baba yake aliumia kazini, na sasa Jumamosi asubuhi husukuma mkokoteni wa maji. Mwalimu amekuwa akimpelekea maswali matatu kila juma, naye huyarudisha Jumatatu kabla ya kwenda shule, pengine karatasi imelowa. Twaomba ye yote mwenye kazi ya siku nyingine ya kumpa kijana huyo, au mwenye njia ya kumsaidia baba yake, aonane na Katibu baada ya mkutano huu, asingoje mkutano mwingine.

Mwisho, ubao tunaoutumia ni wa kuazima, na mwenyewe anautaka mwezi ujao. Fundi wetu mmoja amejitolea kutengeneza mwingine bila ujira, ikiwa Chama kitanunua mbao na rangi nyeusi. Amekwisha kupima mahali pa kuutundika, ukutani upande wa barazani, mahali ambapo kivuli cha mnazi hakifiki asubuhi.