Baada ya Ajali: Mambo ya Kufanya ili Fidia ya Bima Isipotee

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi waliopo shuleni)



Nimeombwa nizungumze juu ya bima ya magari, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka mingi. Nitasema juu ya muda mfupi tu: saa ya kwanza baada ya ajali na siku chache zinazofuata. Hapo ndipo fidia hupatikana au hupotea.

Maneno ninayoyaogopa kuliko yote ni haya: “Ndugu yangu, tuyamalize hapa hapa.” Tuseme mmoja wetu mwenye bima kubwa anatoka Morogoro kwenda Dar es Salaam. Pale Chalinze lori linamgonga nyuma. Dereva wa lori anaomba radhi, anatoa shilingi 200,000, wanapeana mikono, kila mtu anashika njia yake. Kesho yake fundi anafungua na kuona chasisi imepinda. Matengenezo ni shilingi 3,000,000. Sasa ndipo anakumbuka bima. Anaulizwa taarifa ya polisi, hana. Anaulizwa namba ya lori, hakuandika.

Bima ni mkataba wenye masharti. Sharti mojawapo la kawaida ni kwamba mwenye bima asikiri kosa, asiahidi malipo, wala asipatane na mtu bila idhini ya kampuni. Sababu yake ni kwamba kampuni ikishakulipa, huchukua nafasi yako na kumdai aliyekukosea. Ukiwa umekwisha kumsamehe barabarani, umeigawa haki ambayo kampuni ingeitumia.

Kwa hiyo ajali ikitokea, fanyeni hivi.

Kwanza, simama, weka pembetatu za tahadhari, na wasaidie majeruhi. Uhai hutangulia mali. Ikiwa hasira za watu zinahatarisha maisha yako, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu.

Pili, ita polisi. Namba ya dharura ni 112. Kama hakuna wa kuokolewa, magari yasisogezwe mpaka trafiki apime na kuchora ramani ya ajali. Majeruhi wapatiwe Fomu ya Polisi Namba 3, ijulikanayo kama PF3. Lakini aliye mahututi apelekwe hospitali kwanza, fomu itafuata.

Tatu, andika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika namba za magari, majina ya madereva na wenye magari, na jina la kampuni ya bima ya mwenzako. Sisi wazee tulizoea Shirika la Bima la Taifa peke yake, tangu bima ilipotaifishwa mwaka 1967 mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango. Leo kampuni ni nyingi, na usipouliza hutajua pa kudai. Chukua pia majina na simu za mashahidi, na piga picha kabla magari hayajaondolewa.

Nne, ipe kampuni yako taarifa mara moja, kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Usitengeneze gari kabla mkadiriaji wa hasara hajaliona.

Tano, sema kweli. Kama aliyekuwa akiendesha ni kijana wako asiye na leseni, usiandike kwamba ulikuwa wewe. Uongo huo huweza kuua dai zima, na tena ukakufikisha mahakamani.

Ninyi vijana msidhani mambo haya ni ya wenye magari tu. Bima ndogo, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, haitengenezi gari lake mwenyewe. Imewekwa kwa ajili ya watu wengine: mwenda kwa miguu, mwendesha baiskeli, mwanafunzi avukaye barabara. Mzazi akigongwa na familia ikapokea pesa ya kugharimia matibabu ya siku moja na kuyaacha hapo, huenda ikapoteza fidia ambayo ingewalipia watoto ada. Anayekumbuka namba ya gari siku hiyo huenda akawa ni wewe uliyekuwa umesimama kando. Iandike hata katika kiganja. Kwa namba hiyo, bima ya gari huweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Na kampuni ikikataa kulipa, omba sababu kwa maandishi. Usiporidhika, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake imetajwa katika Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Lakini hata yeye atakuuliza: karatasi zako ziko wapi?

Ndugu zangu, Mungu atuepushe na ajali. Ikitokea, tusiache haki ya majeruhi na ya watoto wao imalizwe kando ya barabara kwa kupeana mikono.

Sasa nayakaribisha maswali.