Jirani Aliyekimbia Nyumba Yake

Haya ndiyo maneno ya hotuba kwa watu wa Kwale na pwani ya kusini.

Wazee wa Kidigo husimulia kwamba wahenga wao, walipofukuzwa na adui kutoka Shungwaya, walijificha katika misitu minene wakajenga miji yao humo. Miji hiyo ndiyo kaya. Kaya Kinondo, iliyo karibu na Diani, ni mojawapo ya misitu iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Basi watu wa pwani hii hawana haja ya kufundishwa maana ya kukimbia, maana makao yao yenyewe asili yake ni kimbilio.

Lakini katika mwezi wa Agosti 1997 jambo hili lilipinduka. Vijana walikula kiapo katika msitu wa Kaya Bombo, na usiku wa tarehe 13 wakashambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki. Kisha wakawaandama raia waliotoka bara, Waluo, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya na wengineo. Nyumba na vibanda vya biashara vilichomwa moto, na fujo ikaenea mpaka upande wa Diani. Watu zaidi ya mia moja waliuawa, na wapatao 100,000 waliyahama makao yao. Maelfu walikimbilia uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni. Wenyeji nao hawakusalimika: wengine walijificha porini kwa kuogopa msako wa askari, na mahoteli yalipokosa wageni, kazi zilipotea bila kuuliza kabila la mtu.

Yafaa tujue jina la mtu wa namna hii. Kwa Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951, mkimbizi ni yule aliyevuka mpaka wa nchi yake. Aliyetoka Ukunda akaenda Mombasa hakuvuka mpaka wowote. Ni raia katika nchi yake mwenyewe, na mlinzi wake wa kwanza ni Serikali yake. Mwaka 1997 Kenya haikuwa na sheria iliyowahusu watu hao hasa. Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni zake mwaka 1998, mataifa ya Afrika yakapatana huko Kampala mwaka 2009, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012.

Je, sisi majirani yatupasa kufanya nini? Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hebu tuitazame hekima hiyo kwa makini.

Siku mbili za kwanza ni za kuokoa maisha. Mtu mmoja huhitaji maji lita 15 kwa siku, ya kunywa, kupikia na kunawa. Vyoo vichimbwe mbali na visima, hatua zisizopungua mita 30. Na katika ardhi yetu ya matumbawe, ambamo uchafu hupenya upesi, ni heri kuzidisha. Watoto wachanjwe surua mapema, maana ugonjwa huo huenea kama moto mahali palipojaa watu. Majina yaandikwe, ili mtoto aliyepotezana na mama yake apate kurudishwa kwake.

Siku ya tatu ni ya jembe. Mtu asiyepewa kazi, wala shule kwa watoto wake, wala kitambulisho badala ya kile kilichoungua, huendelea kuwa mgeni hata miaka kumi ikipita. Tena haki yake isipotunzwa, huipoteza pasipo kelele. Wapigakura wengi walioandikishwa Likoni na Kwale walikuwa mbali siku ya uchaguzi, tarehe 29 Desemba 1997. Kura ya mtu aliyekimbia haihesabiwi.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni zito kuliko maji na mahindi. Tume ya Jaji Akiwumi ilianza kuchunguza fujo hizo mwaka 1998, ikamaliza mwaka 1999, lakini taarifa yake haikutangazwa kwa watu mpaka mwaka 2002. Aliyechomewa nyumba hawezi kurudi kwa moyo mkunjufu ikiwa hajui ni nani aliyewatuma wachomaji, wala kama watarudi tena. Kwa hiyo ukweli nao ni msaada, kama blanketi lilivyo msaada.

Mabibi na Mabwana, mambo kama haya huanza kwa maneno madogo, sokoni na barazani: «hawa si wa hapa». Mwenye kuyasikia na asiyanyamazie amekwisha kumsaidia jirani yake kabla hajakimbia, na msaada huo hauna gharama yoyote. Kaya zilijengwa ili watu wapate pa kujificha. Tusikubali kamwe ziwe tena mahali pa kutokea wa kuwafukuza.