Hatua Ileile, Mgeuko Uleule: Umbo la Msokoto katika Sayansi Tatu



Mwaka 1948 mkemia wa Marekani, Linus Pauling, alikuwa Oxford akiwa profesa mgeni, akashikwa na mafua yaliyomlaza kitandani. Alipochoka kusoma hadithi za upelelezi alichukua karatasi, akachora mnyororo wa protini, kisha akaikunja karatasi penye kila kiungo, kwa namna ileile kila mara. Alijiwekea masharti mawili. Kundi la atomu linalounganisha asidi amino moja na nyingine lazima libaki bapa, kwa kuwa bondi zake haziruhusu kupindika. Na kila mzunguko wa mnyororo lazima ushikwe na mzunguko wa juu yake kwa bondi za haidrojeni. Mnyororo ukajisokota mikononi mwake. Mwaka 1951 yeye, Robert Corey na Herman Branson, mwanafizikia Mmarekani mweusi wa Chuo Kikuu cha Howard, walichapisha msokoto tunaouita alfa, ambao kila mzunguko wake hubeba asidi amino 3.6.

Hiyo sita iliyo baada ya nukta ndiyo iliyowaponyoka wengine. Kule Cambridge, Lawrence Bragg, John Kendrew na Max Perutz walikuwa wakilitafuta umbo hilohilo, na mwaka 1950 walitoa makala iliyopima maumbo mengi bila kulipata. Walichukulia kwamba kila mzunguko utabeba idadi kamili ya asidi amino, jinsi fuwele walizozizoea zinavyojipanga, na hawakulizingatia lile sharti la ubapa. Perutz alipoyasoma maelezo ya Pauling, aliupiga eksirei unywele wa farasi, akaiona alama ya nanomita 0.15, kimo hasa ambacho msokoto wa alfa hupanda kwa kila asidi amino. Naliheshimu sana tendo hilo. Aliyekosa jibu alikwenda mwenyewe kumthibitisha aliyelipata.

Katika kisa hiki naomba mshike jambo moja: Pauling alirudia hatua moja tu, msokoto ukaja wenyewe. Sababu yake ni ya kijiometri. Mwaka 1830 Mfaransa Michel Chasles alieleza kwamba mwendo wowote wa kitu kigumu, kutoka mkao mmoja hadi mwingine, unaweza kutimizwa na mwendo wa parafujo, yaani kuuzunguka mhimili na papo hapo kusogea kuufuata. Basi ukiwa na vipande vinavyofanana, na kila kimoja kikashikana na mwenzake kwa namna ileile, vyote vitajikuta juu ya msokoto mmoja. Mstari ulionyooka ni msokoto ambao mgeuko wake ni sifuri. Duara ni msokoto usiopanda. Umbo lolote kati ya hayo mawili hudai pembe maalumu. Pembe za kawaida zote huzaa msokoto. Kwa hiyo tunapoukuta msokoto katika viumbe hatuna haja ya kudhani kwamba maumbile yamelichagua umbo hili kwa uzuri wake.

DNA haihitaji maelezo marefu mbele ya hadhira hii. Picha iliyopigwa mwezi Mei 1952 na Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling, pale King's College London, ilionyesha madoa yaliyopangika kama msalaba, ishara ya msokoto, na mwaka 1953 Watson na Crick walijenga mfano wao wakisaidiwa na picha hiyo bila Franklin kujua. Ninalotaka likumbukwe ni kazi yake ya baadaye, ambayo haitajwi sana. Alihamia Birkbeck, akachunguza kirusi cha batobato la tumbaku. Kirusi hicho ni fimbo ya nanomita 300, iliyojengwa kwa protini za aina moja tu zipatazo 2,130, na kila mizunguko mitatu hubeba protini 49. Jeni moja inatosha kujenga gamba zima, kwa kuwa protini yake hurudiwa. Franklin alifariki mwaka 1958, akiwa na miaka 37.

Kuna protini iliyo karibu nasi zaidi, kolajeni ya ngozi, kano na mifupa. Mwaka 1954, mjini Madras, G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha walipendekeza kwamba imejengwa kwa minyororo mitatu iliyoshikamana. Kila mnyororo umesokotwa kushoto, na yote mitatu kwa pamoja imezungushwa kulia. Wanaosokota kamba za makumbi pwani yetu wanaijua kanuni hiyo: nyuzi husokotwa upande mmoja, kisha huunganishwa kwa kuzungushwa upande wa pili, ili kila uzi unaotaka kufumuka ukaze wenzake. Kolajeni, hata hivyo, ina udhaifu wake. Uimara wa msokoto huo unategemea kemikali inayotengenezwa kwa msaada wa vitamini C. Ikikosekana, misokoto hulegea kwa joto la mwili lenyewe, fizi zikavuja damu, vidonda vikakataa kupona. Ndicho kiseyeye.

Kwenye fizikia nitapita haraka. Elektroni ikiingia katika uga sumaku kwa mshazari, nguvu inayoisukuma huwa daima pembeni mwa mwendo wake, nayo huigeuza kwa kiasi kilekile kila nukta ya wakati. Matokeo mnayajua: njia yake huwa msokoto. Chembe zilizonaswa na sumaku ya dunia husafiri kwa misokoto kutoka upande wa kaskazini hadi wa kusini na kurudi. Upande wa mgeuko hutegemea chaji: hasi huku, chanya kule. Kwa kutazama mkunjo wa njia iliyogeukia upande usiotarajiwa, Carl Anderson aliigundua positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, mwaka 1932.

Sasa nifike nyumbani. Mwezi Julai 2022, mkoani Lindi, Tanzania, watu walishikwa na homa iliyowatoa damu puani. Wagonjwa walifika 20, watatu wakafariki. Vipimo vya Ebola na Marburg vilipotoka hasi, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ni homa ya mgunda. Bakteria wake, Leptospira, ni uzi uliosokotwa kulia, wenye unene wa takriban mikromita 0.1, mwembamba mno kuonekana vizuri kwa darubini ya kawaida. Hukaa katika figo za panya na mifugo, hutoka na mkojo hadi kwenye maji na matope, kisha humwingia mtu kupitia mchubuko, macho au kinywa.

Msokoto unamsaidia nini bakteria huyu? Mwanafizikia Edward Purcell alilijibu swali hili katika mhadhara wake wa mwaka 1976. Kwa kiumbe mdogo hivyo, maji ni mazito kupita kiasi: akiacha kujisukuma, husimama kabla ya kuvuka upana wa atomu moja. Mwendo wa kwenda na kurudi, kama wa chaza anayefungua na kufunga kombe lake, humrudisha palepale alipoanza. Kinachohitajika ni mwendo usiojifuta wenyewe, na msokoto unaozunguka ni mwendo wa namna hiyo. Leptospira ana mijeledi miwili, mmoja kila ncha, iliyofichwa chini ya utando wake wa nje. Ikizunguka, mwili mzima hugeuka parafujo. Ajabu yake ni kwamba katika kimiminika kizito hukimbia zaidi kuliko katika maji, na tishu zetu zina uzito huo.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimefanya kazi kubwa juu ya bakteria huyu, na aina mojawapo iliyopatikana huko imepewa jina la Sokoine. Nawaomba wanafunzi wa fizikia na hisabati mliomo ukumbini: mgunda ni kazi yenu pia. Ombeni nafasi ya kufanya tafiti zenu pamoja na madaktari wa mifugo. Na wenye mashamba ya mpunga kwenu, waambieni wazazi wavae mabuti wanapoingia majarubani, na homa ikiwapata wafike hospitali mapema, kwa kuwa ugonjwa huu hutibika kwa doksisaiklini na penisilini.